Mazoezi Ukiwa na Crohn au Kolaitisi ya Vidonda: Mwongozo Kamili

"Na ufanye mazoezi kidogo." Wengi wenye magonjwa ya kuvimba utumbo huambiwa hivyo wakiwa wameshanyanyuka kwenye kiti cha daktari, na maelezo yanaishia hapo. Kidogo ni kiasi gani? Mazoezi yapi? Na asubuhi ambayo umeshaingia chooni mara tano kabla ya kifungua kinywa, unafanya au unaacha?

Hatua zote zilizo hapa chini zinasimama juu ya jambo moja: ugonjwa huu haufuati ratiba. Programu nyingi za mazoezi zimetungwa kwa mtu ambaye wiki ya sita ana nguvu kuliko wiki ya tatu. Wewe unaweza kuwa imara wiki ya tatu na ukawa kitandani wiki ya sita bila kukosea chochote. Kwa hiyo unachohitaji ni zoezi lilelile katika vipimo vitatu, kikubwa, kidogo na cha chini kabisa, pamoja na ujuzi wa kuchagua kipimo cha leo.

Mwongozo huu unamhusu mwenye ugonjwa wa Crohn, ambao unaweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa na kupenya ukuta mzima wa utumbo. Unamhusu pia mwenye kolaitisi ya vidonda, ambayo hukaa kwenye utando wa ndani wa utumbo mpana na kwa kawaida huanzia kwenye puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo huo. Crohn ndiyo inayoleta zaidi utumbo kusinyaa na fistula (njia isiyo ya kawaida inayotoboka kutoka utumboni hadi kwenye kiungo kingine au ngozi), na hivyo ina masharti mengi zaidi kwenye mazoezi. Kolaitisi humtesa mtu hasa kwa haja ya ghafla na damu kwenye choo, na damu ikipotea, pumzi nayo inapungua.

Je, inafaa kujisumbua?

Inafaa, ila kwa sababu sahihi. Mazoezi hayaponyi magonjwa haya na hayachukui nafasi ya dawa. Anayekuuzia programu ya kukuachisha dawa, mkimbie; hilo nalo ni zoezi.

Yanachofanya ni kulinda vile ambavyo ugonjwa na dawa zake hula polepole: misuli, mifupa, usingizi na moyo wa kuendelea. Tafiti zilizofuatilia wagonjwa wa Crohn ambao ugonjwa wao umetulia zilionyesha kwamba kutembea mara tatu kwa wiki kwa muda wa miezi mitatu hivi kuliboresha hali ya maisha bila kuuamsha ugonjwa. Ni tafiti ndogo, lakini zinaelekea upande mmoja. Hofu ya kwamba kutokwa jasho kutaamsha vidonda haina msingi kwa mtu ambaye ugonjwa wake umelala na anafanya mazoezi ya kiasi.

Mara nyingi wagonjwa hutajiwa majina ya wanamichezo. Steve Redgrave, mpiga makasia wa Uingereza, aligundulika kuwa na kolaitisi mwaka 1992 na bado akachukua dhahabu ya Olimpiki mwaka huo, 1996 na 2000. Kathleen Baker wa Marekani, mwenye Crohn, alipata medali ya fedha ya kuogelea mita 100 kwa mgongo huko Rio mwaka 2016. Mifano hiyo inatia moyo, lakini kwangu mwenye la kutufundisha zaidi ni Darren Fletcher, aliyekuwa kiungo wa Manchester United na Scotland. Mwishoni mwa mwaka 2011 alisimama kucheza kwa sababu ya kolaitisi, akaja kufanyiwa upasuaji, kisha akarudi uwanjani. Alijua kusimama kwanza.

Hatua ya 1: Jua ugonjwa uko wapi leo

Usianze kwa kununua viatu. Anza kwa kujua kama ugonjwa umelala au uko macho, maana kujisikia nafuu na kupona kwa utumbo ni vitu viwili. Kipimo cha kalprotektini, protini inayoongezeka kwenye kinyesi utumbo ukivimba, husaidia hapa: majibu yaliyo chini ya mikrogramu 50 kwa gramu huashiria utumbo tulivu, na yanayozidi 250 kwa kawaida huashiria uvimbe unaoendelea. Yaliyo katikati yanahitaji daktari ayatazame pamoja na dalili zako.

Omba pia upimwe damu. Upungufu wa damu ndio mwizi mkubwa wa pumzi kwa wagonjwa hawa, na wengi huupa jina la uvivu. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, hemoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) iliyo chini ya gramu 13 kwa desilita kwa mwanamume, au chini ya 12 kwa mwanamke asiye mjamzito, ni upungufu. Feritini, kipimo cha akiba ya madini ya chuma, ina mtego wake: uvimbe mwilini huipandisha, hivyo mtu anaweza kuonyeshwa namba inayoonekana ya kawaida huku akiba imekwisha. Ndiyo maana ugonjwa ukiwa macho, hata feritini ya chini ya mikrogramu 100 kwa lita huweza kuhesabiwa kuwa ni upungufu. Ukiwa na upungufu huo, tibu damu kwanza. Hakuna programu itakayokupa pumzi ambayo damu yako haina.

Aliyekatwa sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba apimwe vitamini B12. Aliyetumia steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, kwa miezi mingi aulize kuhusu kipimo cha uzito wa mifupa.

Halafu muulize daktari swali la moja kwa moja: "Nataka kutembea kwa kasi na kunyanyua uzito. Kuna kitu mwilini mwangu kinachokataza?" Vinavyoweza kukataza au kuweka masharti ni sehemu ya utumbo iliyosinyaa, jipu au fistula, mshono wa upasuaji ambao haujakomaa, mifupa dhaifu, na bandama iliyovimba kwa wale ambao ugonjwa umefuatana na kovu la mirija ya nyongo. Huyu wa mwisho akae mbali kabisa na michezo ya kugongana.

Hatua ya 2: Zisome dawa zako kwa jicho la mazoezi

Steroidi kama prednisoloni huleta hali ya kuchanganya. Siku za mwanzo mtu hujisikia ana nguvu za ajabu, anataka kunyanyua dunia, wakati dawa hiyohiyo inapunguza misuli ya mapaja na kudhoofisha mifupa. Ukiwa kwenye dozi kubwa, fanya mazoezi ya nguvu kwa uzito mwepesi na usiruke-ruke. Na usiikatishe ghafla eti mazoezi yamekupa nafuu. Mwili uliozoea steroidi huacha kutengeneza zake, na kukatisha ghafla ni hatari kwa maisha.

Siprofloksasini, antibiotiki inayotumika sana kwenye maambukizi ya Crohn, inaweza kudhoofisha kano, hasa ya kisigino, na hatari hiyo huzidi ikikutana na steroidi. Ukiwa unaitumia, acha mbio na kuruka. Kisigino kikianza kuuma, simama siku hiyohiyo na umwambie daktari.

Azathioprini, dawa ya kupunguza kinga, huongeza hatari ya saratani ya ngozi, kwa hiyo ukifanya mazoezi nje, toka mapema au jioni, vaa kofia na mikono mirefu. Wanaotumia methotreksati mara moja kwa wiki, wengi huamka wamechoka na wana kichefuchefu kesho yake; siku hiyo iandike mapema kuwa ya kupumzika. Walio kwenye dawa zinazopunguza kinga, zikiwemo sindano za kibaolojia, wafute vyuma vya jimu kabla ya kuvishika, wafunike michubuko, na wasiingie bwawani wakiwa na kidonda kibichi.

Dawa za maumivu zinastahili onyo la peke yake. Ibuprofeni, diklofenaki na ndugu zake, ambazo watu humeza kama peremende baada ya mazoezi makali, zinaweza kuamsha ugonjwa na kuumiza utando wa utumbo. Kwa maumivu ya misuli, parasetamoli katika dozi iliyoandikwa ndiyo salama zaidi kwa wengi.

Hatua ya 3: Chagua kipimo cha leo

Hii ndiyo hatua ninayoiona kuwa na uzito kuliko zote. Asubuhi, kabla hujatoka kitandani, pima mapigo ya moyo: weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono chini ya kidole gumba, hesabu kwa sekunde 30, zidisha mara mbili. Yaandike kwa wiki mbili ili ujue kawaida yako. Kisha jiulize: nimekwenda chooni mara ngapi tangu jana, nikilinganisha na kawaida yangu? Kuna damu ambayo haikuwapo? Nina homa? Usiku nimelala, au nimeamshwa na tumbo?

Kila kitu kikiwa kwenye kawaida yako, leo ni siku kubwa. Fanya zoezi lote.

Ukienda chooni mara mbili au tatu zaidi ya kawaida, au mapigo yakipanda kama kumi juu ya kawaida yako, au ukiwa umelala vibaya, lakini huna homa wala damu mpya, leo ni siku ndogo. Nusu ya muda, nusu ya uzito, hakuna mbio.

Ukiwa na damu mpya, homa, maumivu makali ya tumbo au unyonge wa kuona giza ukisimama, leo ni siku ya chini kabisa. Kunyoosha viungo kitandani na kutembea chumbani kunatosha, na simu kwa daktari ndiyo kazi ya maana zaidi siku hiyo.

Watu wengi wanajua siku mbili tu, ya kufanya kila kitu na ya kutofanya chochote. Siku ndogo huonekana kama utani: dakika kumi za kutembea na mizunguko miwili ya kusimama na kukaa, hiyo nayo ni nini? Ni hiyo inayokuzuia kuanza upya kila mwezi.

Hatua ya 4: Anza na miguu, kisha ongeza nguvu

Kutembea ndiyo mlango. Anza na dakika kumi kwenye eneo tambarare, siku tatu kwa wiki, kwa mwendo ambao unaweza kuongea sentensi nzima lakini huwezi kuimba. Ukishindwa kuongea, umezidisha. Ongeza dakika mbili au tatu kila wiki ikiwa wiki iliyopita ilikwenda vizuri. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mazoezi ya nguvu angalau siku mbili. Hapo ndipo pa kufika, na inaweza kuchukua miezi.

Ongeza kitu kimoja kwa wakati. Ukiongeza muda, kasi na mlima katika wiki moja na tumbo likavurugika, hutajua cha kulaumu.

Mazoezi ya nguvu yanasahaulika sana, ilhali misuli ndiyo inayoliwa kwanza ugonjwa ukiwa macho. Huhitaji jimu. Chukua kiti kigumu, kiegemeze ukutani kisiteleze. Kaa kwenye ukingo wake, nyayo zote sakafuni, miguu wazi kwa upana wa nyonga. Vuta pumzi ukiwa bado umekaa. Inama mbele kidogo mpaka uzito uhamie kwenye nyayo, na hapo unapoanza kunyanyuka, toa pumzi polepole kwa mdomo kama mtu anayepoza chai. Simama wima, kisha rudi chini kwa kuhesabu hadi tatu, bila kujitupa. Mara nane, pumzika dakika moja, rudia. Kama unahitaji mikono kujisukuma, itumie bila haya. Wiki ijayo utaihitaji kidogo.

Hiyo pumzi ya kutoka wakati wa kunyanyuka ndiyo inayobeba usalama wa zoezi lenyewe. Ukibana pumzi na kukaza tumbo, shinikizo la ndani hupanda ghafla, nalo husukuma kwenye mishono, kwenye stoma (tundu la upasuaji tumboni linalotoa choo kwenye mfuko) na kwenye puru. Haja ya ghafla wakati wa kunyanyua vyuma huweza kutokana na kubana pumzi tu.

Ongeza pushapu za kusukuma ukuta, kunyanyua nyonga ukiwa umelala chali, na kuvuta mkanda wa mpira wa mazoezi kuelekea kifuani. Kwa tumbo, achana na kunyanyuka kutoka kulala kama ulivyofanya shuleni. Lala chali, kunja magoti, vuta kitovu ndani taratibu unapotoa pumzi, kisha telezesha kisigino kimoja mbele na kukirudisha. Linaonekana dogo mpaka ufikishe mara ya kumi.

Kuna misuli mingine ambayo wengi huona haya kuitaja: ile ya sakafu ya nyonga. Kaza kana kwamba unazuia upepo usitoke, shikilia sekunde tano, legeza kabisa kwa sekunde tano, rudia mara kumi, mara mbili hadi tatu kwa siku. Kulegeza ni nusu ya zoezi. Kama tatizo lako ni kushindwa kutoa choo, usijikazie peke yako. Muone mtaalamu wa fiziotherapia ya nyonga.

Na mazoezi makali ya vipindi vifupi? Yamejaribiwa kwa wagonjwa wa Crohn iliyotulia au iliyo hafifu na yamewezekana chini ya uangalizi. Ningesubiri mpaka uwe na miezi mitatu ya kutembea na kunyanyua bila shida.

Hatua ya 5: Tatua suala la choo kabla halijakutatua

Mazoezi mengi huachwa kwa sababu ya hofu ya kuchafuka mbele za watu, na maumivu hayahusiki. Hofu hiyo ni halali na ina dawa za kawaida.

Utumbo mpana huamka baada ya kula, hasa baada ya chakula cha kwanza cha siku. Basi usitoke nusu saa baada ya kifungua kinywa. Ama toka kabla ya kula, ama kula na usubiri saa mbili hadi tatu, utumbo umalize shughuli yake ukiwa karibu na choo. Kahawa huusukuma utumbo mpana, kwa hiyo inyweke mapema au isubiri.

Njia ya kutembea ichore kama duara dogo kuzunguka choo unachokijua. Mizunguko minne ya dakika tano ni dakika ishirini sawasawa na njia ndefu iliyonyooka, lakini hakuna wakati ambapo uko mbali. Beba mfuko mdogo wenye tishu, chupi ya akiba, suruali nyepesi na mfuko wa plastiki wa kufunga vilivyochafuka. Ukiwa nao, uwezekano wa kuuhitaji huonekana kupungua, maana wasiwasi wenyewe husukuma utumbo.

Mbio ndizo zinazotikisa zaidi. Katika jitihada kali, damu inayokwenda utumboni huweza kupungua kwa hadi takriban asilimia 80 ili misuli na ngozi zipate, na joto huongeza tatizo. Hata wakimbiaji wasio na ugonjwa wowote huharisha. Baiskeli ya kusimama, kuogelea na kutembea kwa kasi humpa moyo kazi bila mtikisiko huo.

Loperamidi, dawa ya kuzuia kuharisha, inaweza kusaidia siku ya tukio maalumu, kwa idhini ya daktari na ugonjwa ukiwa umelala. Usiitumie ukiwa na damu, homa au tumbo lililojaa gesi; utumbo mpana uliovimba sana ukizuiwa unaweza kutanuka kwa hatari.

Hatua ya 6: Maji, chumvi na chakula

Anayeharisha huanza mazoezi akiwa tayari na deni la maji. Tazama mkojo: wa manjano hafifu ni sawa, ukiwa wa rangi nzito lipa deni kwanza. Kwa zoezi la nusu saa katika hali ya hewa ya kawaida, maji yanatosha. Ukiharisha, au zoezi likizidi saa moja kwenye joto, tumia ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji. Usipokuwa nayo, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa juu. Usikadirie kwa jicho, maana chumvi ikizidi inadhuru.

Mwenye stoma ya utumbo mwembamba asome hapa mara mbili. Utumbo mpana ndio uliokuwa ukirudisha maji na chumvi, na kwako haufanyi kazi hiyo. Kunywa maji matupu mengi kunaweza kukuongezea upotevu wa chumvi kupitia stoma, na ukabaki na kiu ileile. ORS kabla na baada ya zoezi ni bora. Stoma ikitoa zaidi ya lita moja na nusu kwa siku, ahirisha mazoezi na uwasiliane na wahudumu wako.

Kuhusu chakula, kula kidogo, chepesi, kisicho na mafuta mengi. Kagua vibandiko vya vinywaji na vitafunwa vya wanamichezo: vitamu bandia kama sorbitoli na maltitoli huharisha hata mtu mzima wa afya. Mwenye utumbo uliosinyaa afuate masharti ya nyuzinyuzi aliyopewa, mazoezi hayayafuti. Protini ni ya lazima. Ugonjwa ukiwa umelala, gramu moja hivi kwa kila kilo ya mwili kwa siku, na ukiwa macho 1.2 hadi 1.5, isipokuwa figo zako zina shida.

Waliofanyiwa upasuaji na wenye stoma

Kutembea huanza mapema sana baada ya upasuaji, mara nyingi siku ya kwanza, kwa msaada wa wauguzi. Kunyanyua vitu vizito ni hadithi nyingine: wiki sita hadi kumi na mbili kutegemea aina ya upasuaji na neno la mpasuaji wako. Katika kipindi hicho, mtoto, ndoo na mfuko wa sokoni vyote ni vyuma vya jimu.

Hatari kubwa ya mwenye stoma ni henia (ngiri) pembeni ya stoma. Mazoezi ya tumbo ya upole yaliyotajwa juu, ukiruhusiwa, ni sehemu ya kujikinga. Ondoa kilichomo kwenye mfuko kabla ya kuanza, na kwa jumla usiuache upite theluthi moja ukiwa kwenye mwendo. Mkanda wa kutegemeza husaidia wengi, mradi upimwe na muuguzi wa stoma usije ukabana. Jasho hulegeza gundi, kwa hiyo huenda ukabadilisha mfuko mara nyingi zaidi. Kuogelea kunaruhusiwa kidonda kikishapona. Weka mfuko mpya saa moja au zaidi kabla, ushike vizuri.

Wenye fistula karibu na njia ya haja kubwa wasahau tandiko la baiskeli kwa sasa.

Viungo na mifupa

Wagonjwa wengi hupata maumivu ya viungo. Mgongo au nyonga zikikakamaa asubuhi kwa zaidi ya nusu saa na zikalegea ukitembea, mara nyingi huo ni uvimbe wa viungo, na kupumzika kutazidi kukukakamaza. Kunyoosha kila siku na kuogelea ndiyo njia. Goti lililovimba na lenye joto, kinyume chake, lipumzishwe mpaka litulie huku ukifanyia kazi sehemu nyingine. Aliyeambiwa mifupa yake ni dhaifu aepuke kuinama mbele na kujipinda akiwa na uzito mikononi. Hapo ndipo pingili za mgongo hupasuka.

Simama, usisubiri kesho

Kuna vigezo ambavyo madaktari Truelove na Witts walivitoa mwaka 1955 na hadi leo vinatumika kutambua kolaitisi kali: choo chenye damu mara sita au zaidi kwa siku, pamoja na lolote kati ya homa inayozidi nyuzi joto 37.8, mapigo ya moyo zaidi ya 90 ukiwa umetulia, au damu iliyopungua sana. Hali hiyo ni ya hospitali siku hiyohiyo.

Mguu mmoja kuvimba na kuuma, au pumzi kukata ghafla na kifua kuchoma, ni ishara za damu kuganda. Magonjwa haya huongeza hatari hiyo mara mbili hadi tatu, na zaidi yanapochachamaa. Usijiambie kuwa ni misuli imechoka. Tumbo kujaa, kutapika na kushindwa kutoa hata upepo kwa mwenye Crohn ni dalili ya utumbo kuziba. Hizi zote ni dharura.

Ugonjwa ukichachamaa, na kurudi baada yake

Wakati wa kuchachamaa hakuna medali. Kama daktari hajakuzuia, simama na kutembea chumbani mara kadhaa kwa siku, pandisha na kushusha vifundo vya miguu ukiwa umelala ili damu itembee, na vuta pumzi kwa kuhesabu nne na kuitoa kwa kuhesabu sita. Hayo yanatosha kabisa.

Kurudi ndiko kunakowaumiza wengi, kwa sababu kichwa kinakumbuka ulikokuwa na misuli haikumbuki. Subiri damu ikome na choo kirudi karibu na kawaida yako, kisha anza na theluthi hadi nusu ya ulichokuwa ukifanya. Chunguza saa 24 zinazofuata kila zoezi. Uchovu wa kawaida huisha kwa usingizi wa usiku mmoja. Ukiamka umechoka kuliko jana, au ukienda chooni zaidi, punguza theluthi moja mara inayofuata, usiache kabisa. Siku tatu nzuri mfululizo ndizo zinazoruhusu kuongeza.

Weka daftari: tarehe, kipimo cha siku, mapigo, idadi ya kwenda chooni, ulichofanya, na hali yako kesho yake. Mistari miwili kwa siku. Miadi ijayo, lifungue mezani mbele ya daktari, na akikwambia tena "mazoezi kidogo", muonyeshe ukurasa wa wiki iliyopita na umuulize kidogo hicho kiongezwe wapi.